Mpundi: Namna Wamakonde Walivyochagua Mkono wa Kuwachora

Kisiwa cha Rongui kiko kati ya Tecomaji na Vamizi, kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado, Msumbiji. Babu yangu mzaa mama, Mmwani wa Palma, alikuwa akipiga dago huko kila bahari inapotulia, na bibi alimfuata kukausha samaki. Likizo za shule nilichukuliwa na mimi. Dagoni walifika watu wa kila namna: wavuvi wa Nampula wenye nyavu zao, watu wa Msimbati na Mtwara, wachuuzi wa samaki wakavu. Wote walimtazama bibi usoni, maana bibi alikuwa Mmakonde wa bara na uso wake ulikuwa umechorwa: mistari ya pembe pembe kwenye paji la uso, mingine ikishuka mashavuni mpaka kidevuni, rangi ya buluu iliyoiva hadi kukaribia weusi.

Siku moja alikuja mzee kwa ngalawa kuomba maji ya kunywa. Alimtazama bibi kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akamsemesha Kimakonde. Bibi alicheka sana, jambo ambalo hakulifanya na wageni. Mzee alipoondoka nikauliza alisema nini. “Kamtaja aliyenichanja,” bibi akanijibu. “Hajamwona tangu utotoni, lakini mkono wake kaujua.”

Nilikuwa na miaka minane na jambo hilo halikunishangaza. Watu wazima wanajua mambo. Sasa nina miaka ishirini na mbili, niko mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam, na linanishangaza sana. Mtu anawezaje kutambua mkono wa fundi kwenye uso wa mwanamke mzee, kando ya bahari, mbali na kijiji chao, baada ya miaka hamsini? Na kama kazi ya mchoraji ilitambulika hivyo, je, watu walimchagua vipi kabla hajawagusa? Swali hili si la udadisi mtupu kwangu. Bibi alifariki mwaka 2022 mjini Pemba, alikopelekwa kwa mashua baada ya Palma kushambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Binamu yangu na mimi tuliazimia kuchorwa mstari mmoja wa paji lake la uso, kila mmoja kwenye mkono wake. Ndipo tukagundua kwamba hatujui tumpe nani mkono huo.

Nianze na maneno, kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili. Wamakonde huita michoro hiyo dinembo. Sisi tunalo neno nembo, na leo ukimwambia Mtanzania nembo atafikiri alama ya kampuni au ngao ya Taifa. Lakini kamusi za zamani zinalipa neno hili maana ya chale na alama zilizochorwa mwilini, usoni hasa. Kwa hiyo kila barua ya serikali yenye nembo juu yake imebeba neno lililokuwa la ngozi kabla ya kuwa la karatasi. Mchoraji wa dinembo huitwa mpundi, na sikio la Mswahili halihitaji msaada kusikia fundi ndani yake. Fundi ni ndugu wa kufunda, kama kungwi anavyomfunda mwali, na ni ndugu wa mafundisho. Halafu lipo neno kuchanja. Kutokana nalo tumepata chanjo, kile kitu tunachopelekwa kliniki tukiwa wachanga. Nina kovu la chanjo ya kifua kikuu begani, limevimba kidogo kama punje ya hindi. Nitalirudia.

Kazi yenyewe ilifanywaje? Mjerumani Karl Weule alizunguka kusini mwa Tanganyika mwaka 1906, Vita vya Majimaji vilipokuwa vikielekea kwisha, akakaa Newala na Mahuta, akapiga picha nyingi za nyuso na miili ya Wamakonde, Wayao na Wamakua. Nusu karne baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950, Mreno Jorge Dias na mkewe Margot walifanya utafiti mrefu kwenye Uwanda wa Mueda, upande wa Msumbiji. Maandishi yao ni ya thamani, ingawa ukiyasoma unahisi daima mtu anayetazama kutoka nje ya ua, na wakati mwingine mtu anayetazama kwa niaba ya dola. Chanzo changu kingine ni bibi mwenyewe. Miezi yake ya mwisho kule Pemba alinitumia sauti kwa WhatsApp, vipande vifupi vifupi, akilalamika kwamba ninamuuliza mambo ya kipuuzi. Kila mara alianza kwa “Haya, mke mwenzangu, sikiliza.” Nimezihifadhi zote.

Chombo kiliitwa chipopo, kisu kidogo cha chuma. Mpundi aliivuta ngozi kwa vidole vya mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akakata mikato mifupi mifupi, mmoja kando ya mwenziwe, mpaka mstari ukamilike. Kisha alipaka masizi ya mbegu za mbarika, ile mbegu inayotoa mafuta ya nyonyo, akayasugua ndani ya mikato. Damu ilikauka pamoja na masizi, jeraha likafunga, rangi ikabaki chini ya ngozi. Mara moja haikutosha. Ili mchoro uwe wa buluu iliyokolea ilibidi kurudia juu ya mistari ile ile, mara ya pili, ya tatu, hata zaidi. Bibi alirudiwa mara tatu. “Mara ya kwanza hujui, unakwenda,” alisema. “Mara ya pili unajua. Hiyo ndiyo mbaya.”

Michoro haikuwa ya ngozi peke yake. Mitungi ilichorwa mistari hiyo hiyo, na vinyago vya kuvaa kichwani kwenye ngoma ya mapiko vilibandikwa nta nyeusi ya nyuki ili kuiga dinembo za uso wa mtu. Ukienda Makumbusho ya Taifa ya Etnolojia kule Nampula utaviona vinyago hivyo. Ninalitaja hili kwa sababu linajibu sehemu ya swali langu. Jamii iliyoona mistari ile kwenye mtungi, kwenye kinyago na kwenye uso wa mama, kila siku tangu utotoni, ilikuwa jamii ya wakaguzi. Mtoto wa miaka kumi alijua mstari ulionyooka na uliopinda. Mpundi hakuwa na mteja mjinga.

Basi walimchagua vipi? Nilimuuliza bibi hivyo hivyo, naye akaniona mjinga. “Unatazama watu,” alisema. Mama yake alimpeleka kwenye ngoma kijiji cha pili, si kucheza bali kutazama nyuso. Aliwatazama waliochorwa zamani, wenye watoto tayari, kwa sababu mchoro mpya humsifu kila fundi. Ngozi imevimba, masizi bado ni meusi juu juu, kila mstari unaonekana mkali. Ukweli hutoka baada ya misimu kadhaa, rangi inapopauka kama masizi hayakuingia sawasawa, au mistari miwili inapoungana na kuwa bato moja. Walimpata mwanamke aliyekuwa na mistari safi wakamuuliza ni nani. Kisha wakamtafuta mwingine wa fundi huyo huyo, na mwingine tena. Sijasoma popote maelezo ya ununuzi yaliyo makini kuliko hayo, na yametoka kwa mtu ambaye hakuwahi kusoma.

Baada ya hapo walimwendea mpundi mwenyewe. Hakukubali siku hiyo. Alimshika bibi mkono, akamgusa paji la uso kuona kama ana homa, akauliza kama ndugu zake wana makovu makubwa. Kisha akamchanja mkato mmoja mdogo nyuma ya mkono, akaupaka masizi, akamwambia mama yake amrudishe mwezi ukiandama tena. Niliposikia sauti hiyo mara ya kwanza sikuielewa. Nilidhani ni mambo ya miiko. Malipo yalikuwa kuku wawili na kipande cha kaniki, na hayakutolewa yote mpaka jeraha la mwisho lilipofunga. Hapo pia pana akili. Fundi aliyekwisha kulipwa yote ana haraka ya kuondoka.

Tumbo la bibi lilichorwa na mwanamke, si na fundi yule wa uso. Kuhusu hilo alikataa kunieleza zaidi, akasema nikiolewa nitaelewa. Sikumsukuma.

Nilitaka pia sikio la pili, kwa hiyo nilikwenda Mwenge, kwenye soko la wachongaji. Wamakonde wengi wa Msumbiji walihamia Dar es Salaam kuanzia miaka ya 1950 na kuishi kwa kuchonga mpingo. Waliochorwa usoni sasa ni wachache sana, wote wazee. Mmoja alinikaribisha kigoda. Shikamoo yangu aliipokea vizuri, lakini swali langu la kwanza, kwamba je, dinembo zilikuwa za kuwakinga wasichukuliwe utumwa, lilimchosha. Alisema kila mgeni humwuliza hilo.

Na mimi nililiuliza kwa sababu limeandikwa kila mahali: eti Wamakonde walijichora na kuvaa ndonya mdomoni ili wawe wabaya machoni pa wanunuzi wa watumwa. Pwani ile kweli iliwauza watu. Ibo ilikuwa bandari kubwa ya biashara hiyo, Kilwa kadhalika, na Tungi, usultani mdogo wa kwenye ghuba ya Palma, ulikuwa jirani kabisa na Rongui mpaka Wareno walipouteka mwaka 1887. Lakini hoja yenyewe haisimami vizuri. Wamakua walikuwa na alama ya hilali kwenye paji la uso, na waliuzwa kwa maelfu. Alama haikumzuia mnunuzi, ilimsaidia kuandika kabila kwenye daftari. Tena mtu anayejichora ili achukize hatafuti fundi bora kijiji cha pili. Mzee wa Mwenge alilisema kwa maneno machache zaidi: “Tulichora kwa sababu ni nzuri. Wewe unavaa hereni kwa sababu ya nani?”

Kuhusu kuchagua fundi, maelezo yake yaliafikiana na ya bibi, isipokuwa katika jambo moja. Alisema mafundi wengine walikuwa na sifa mbaya kwa kuchanja ndani mno. Watu walijua. Jina la fundi wa namna hiyo liliimbwa kwenye ngoma, naye akakosa watu. Alikuwa hana pa kukimbilia, kwa kuwa makosa yake yalitembea kijijini, yakaenda kisimani, yakaolewa, yakazeeka. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mzee wa ngalawa. Aliutambua mkono kwa sababu aliona kazi ya mkono ule kwa makumi ya nyuso. Kila uso ulikuwa sahihi ya fundi, na hakuna aliyeweza kuifuta.

Kama ningeishia hapa ningekuwa nimeandika insha ya kuwasifu wazee, na mwalimu wetu wa historia hapendi insha za kuwasifu wazee. Ana haki. Utaratibu wa bibi ulikuwa mzuri kwa kila kitu ambacho jicho linaona. Jicho liliona mstari uliopinda, rangi iliyopauka, kovu lililovimba, kidonda kilichooza. Halikuona damu ya mtu mmoja ikiingia kwa mwingine. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili, kwenye kisu kikavu, kwa siku saba au zaidi, bado vikiwa na nguvu ya kuambukiza. Mtu anaweza kuambukizwa leo na ini likaharibika baada ya miaka ishirini au thelathini. Ni nani, kwa kutazama nyuso ngomani, angeunganisha tumbo lililojaa maji la mtu wa miaka arobaini na chipopo kilichomgusa akiwa na kumi na tano? Nilimuuliza bibi kama chipopo kilioshwa. Alifikiri. Akasema kilifutwa kwa jani, na siku nyingine kilipitishwa motoni kwanza, na siku nyingine hakikupitishwa. Waliochorwa siku moja naye walikuwa wasichana watano, kisu kimoja.

Kwa hiyo sifa ya fundi na usalama wa fundi ni vitu viwili. Sifa ilipimwa na kijiji kizima kwa miaka mingi na ilikuwa ya kweli. Usalama haukupimwa na mtu yeyote, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kipimo.

Wala tusidhani Wazungu walikuwa na jicho kali kuliko la bibi. Mashine ya umeme ya kuchora ngozi ilisajiliwa na Samuel O’Reilly jijini New York mwaka 1891. Iliharakisha kazi, haikuisafisha. Mji huo huo ulipiga marufuku biashara ya tatuu mwaka 1961, ukitaja homa ya ini, na marufuku ikadumu mpaka 1997. Yaani miaka ile ile ambayo bibi alikuwa bado na alama mpya usoni, mji tajiri kuliko yote duniani ulishindwa kuwatenganisha mafundi safi na wachafu, ukaona heri uwafungie wote.

Huku kwetu pia mambo yalikuwa yanafungwa, ila kwa sababu nyingine. Wamisionari Wakatoliki walifungua misheni ya Nangololo mwaka 1924, na mtoto wa misheni hakutakiwa kuchanjwa. Vijana waliovuka mto Ruvuma kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika waliitwa Wamawia, jina ambalo halikuwa la heshima, na uso uliochorwa ulikutangaza kabla hujafungua mdomo. Kaka yake bibi alirudi kutoka Lindi akawaambia wadogo zake wa kiume wasithubutu. Kisha yakaja mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, FRELIMO ikaundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na tarehe 25 Septemba 1964 risasi za kwanza zikapigwa Chai. Uso wenye dinembo ukawa kitambulisho mbele ya askari wa Kireno. Upande wa pili, FRELIMO ilitaka Mmsumbiji, haikutaka Mmakonde wala Mmakua. Ilipiga vita alama za kabila pamoja na jando na unyago na uchifu. Sina ugomvi na nia hiyo. Nchi yenye lugha nyingi namna ile ilihitaji kitu cha kuishika pamoja. Lakini mpundi hakupata mwanafunzi tena. Bibi alikimbilia Rutamba, mkoani Lindi, akiwa mkimbizi, huko akakutana na babu, akasilimu, akarudi naye Palma baada ya uhuru wa 1975. Hakumchora binti yake hata mmoja. Nilipomuuliza kwa nini, alisema: “Kwa fundi gani?”

Jibu hilo lilinikaa. Nilitarajia aseme dini, au chama, au aibu. Alisema hakuna fundi.

Mafundi walipokufa, chale zenyewe hazikuisha, zilihamia kwa waganga na kwa wembe wa dukani. Huo ndio wakati mbaya kuliko yote kwa maoni yangu, kwa sababu kisu kilikuwa bado kinapita kutoka mtu hadi mtu, lakini kijiji hakikuwa tena na ukaguzi. Ukimwi ulipoingia miaka ya 1980 ndipo watu wakaanza kuambiwa kila mtu na wembe wake, kwa jando na kwa chale vilevile. Nadhani hayo ni mabadiliko makubwa kuliko mashine ya umeme. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida alikwenda kuchanjwa akiwa na swali ambalo jicho haliwezi kulijibu, nalo ni swali la chombo hiki kilikuwa wapi jana.

Sasa nirudi Dar es Salaam, kwangu na kwa binamu yangu. Baba yangu alipinga tangu mwanzo. Kwake mwili ni amana na haubadilishwi, na sehemu kubwa ya wanavyuoni wa Kiislamu wako pamoja naye. Dada zake huishia kwenye hina na piko siku za harusi, ingawa hata hapo nilimwambia kwamba piko ya siku hizi mara nyingi ni dawa ya kutia nywele rangi na imewaunguza wengi mikono. Hakunifukuza nyumbani. Alisema tu, “Bibi yako alichorwa na kwao. Wewe utachorwa na nani?” Hakujua kwamba ameuliza swali lile lile.

Mahali pa kwanza tulipokwenda palikuwa pazuri kwa macho: taa, muziki, viti vya ngozi, picha ukuta mzima. Nilifanya kama mama yake bibi. Nikaomba nionyeshwe kazi iliyopona, ya mwaka mmoja au miwili, kwenye ngozi nyeusi kama yangu. Picha zote zilikuwa za siku ile ile ya kuchora, ngozi ikiwa bado inang’aa mafuta, na nyingi zilikuwa za ngozi nyeupe, zimeokotwa kwenye simu. Nikauliza kuhusu sindano. Kijana akasema ni safi. Niliona kikopo cha wino kimefunguliwa mezani, kimebaki nusu, na mteja wa kabla yetu alikuwa ndiyo kwanza anatoka mlangoni. Nikauliza kama wino huo utamwagwa. Akacheka, akasema wino ni ghali. Sindano mpya ikichovywa kwenye wino wa jana si mpya tena. Binamu yangu alinikanyaga mguu, tukaaga.

Mahali pa pili palikuwa chumba kimoja nyuma ya saluni, hapana muziki. Fundi ni mwanamke, mkubwa kwetu kwa miaka kama kumi. Kwenye rafu palikuwa na mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, na alituonyesha ukanda wa karatasi unaobadilika rangi joto likifika linapotakiwa. Mashine ya namna hiyo hufikisha nyuzi 121 za Selsiasi kwa robo saa au zaidi, moto ambao jani la kufutia kisu halijawahi kuuota. Sindano hutumika mara moja, pakiti hufunguliwa mbele ya mteja, wino humiminwa kwenye kikombe kidogo na kinachobaki hutupwa. Alituuliza kama tumepata chanjo ya homa ya ini. Halafu, na hili ndilo lililonifanya nikae kimya, alimpigia simu mteja wake wa miaka mitatu iliyopita anayefanya kazi jengo la jirani, akaja, akavua kofia ya mkono wa shati, tukautazama mchoro uliozeeka. Mistari ilikuwa bado mistari.

Nilimwonyesha picha ya bibi. Aliitazama muda mrefu, akauliza maana ya mistari na kama ukoo una ruhusa. Nilipenda kwamba aliuliza. Nikavua kanga begani ili apime mahali, naye akaliona kovu langu la chanjo, ile punje ya hindi. Akaligusa kwa kidole chenye glovu.

“Hili limevimba lenyewe?”

Nikasema ndiyo, tangu utotoni.

“Ndugu zako nao wanavimba makovu?”

Dada yangu aliwahi kuvimba sikio baada ya kutoga. Nilipomwambia hivyo, fundi aliweka sindano chini. Alisema hatanichora mstari leo. Binamu yangu anaweza kuchorwa, ngozi yake haina historia hiyo. Kwangu mimi ataweka nukta moja tu, mahali pasipoonekana, na nirudi baada ya miezi mitatu tuone ngozi imejibu nini. Alisema wazi kwamba hata nukta ikitulia si hakikisho, na kwamba nikibadili mawazo nisimwonee haya. Malipo ya nukta hakuyachukua.

Nilikaa pale kwenye kiti nikiisikia sauti ya bibi kutoka Pemba: amchanje mkato mmoja nyuma ya mkono, amrudishe mwezi ukiandama tena. Haukuwa mwiko. Mpundi wa Mueda, mwenye kisu kimoja kwa wasichana watano, alikuwa anasoma ngozi.

Binamu yangu amechorwa. Mstari wake umeshapona, na mama mkubwa alipouona alilia, kisha akamkaripia, kisha akaomba kuugusa. Nukta yangu iko upande wa ndani wa mkono wa kushoto, buluu, ndogo kuliko punje ya mchele. Leo ni wiki ya saba. Kila asubuhi naipitisha kidole. Bado iko bapa.